UZI: Kujifunza bakgamoni mtandaoni, kabla hujasema dadu zimechakachuliwa pita hapa

Mzee wa Dadu (mwenye uzi)

Wakuu kwema? Kuna watu kadhaa waliniuliza kuhusu bakgamoni kule kwenye uzi wa drafti nikasema ntafungua uzi wake, basi ndo huu, mnisamehe ni mrefu, mwenye bando la mashaka arudi usiku.

Kwa wasioujua, ni ule mchezo wa ubao wenye pembe ndefu ndefu 24, kila mtu ana kete 15, mnarusha dadu mbili, wewe unazungusha kete zako kuelekea nyumbani kwako (pembe zako sita za mwisho) na mwenzako anazungusha upande wa pili, kete zote 15 zikishaingia nyumbani unaanza kuzitoa nje, wa kwanza kumaliza kutoa kashinda. Kete ikibaki peke yake kwenye pembe inaweza kuliwa, ikiliwa inakaa pale katikati mpaka uiingize upya kuanzia mwanzo kabisa, na kama hujaiingiza huruhusiwi kusogeza kitu kingine. Kete mbili zikikaa pamoja hapo hapagusiki. Ukipata dabo, yani dadu mbili sawa, unacheza mara nne. Sheria zimeisha hizo, nusu saa unakuwa umeshazishika.

Mimi nipo Istanbul kimasomo, huku wanaita tavla na kila mtaa una sehemu ya chai ambayo wazee wanacheza toka asubuhi, wanabamiza kete mpaka glasi zinaruka, na dadu wanazitaja kwa namba za Kiajemi, 6 na 5 ni shesh besh, 6 mbili ni dushesh. Wanacheza kufika 5, ukimaliza mwenzako hajatoa hata kete moja hiyo ni mars na inahesabiwa 2. Usifikiri utakaa pale ukafundishwa, mzee anacheza kabla dadu hazijatulia na ukifikiria sekunde kumi anaanza kuangalia saa. Ndo maana wengi wa rika langu hapa wanajifunzia mtandaoni alafu wanaenda kuwatafuta wazee baadae.

Sasa nachotaka kusema ni kimoja. Kwenye bao au drafti ukifungwa umefungwa, umezidiwa akili, hamna maelezo. Bakgamoni sio hivo, unaweza kucheza vizuri kila hatua na ukapigwa, na ukacheza ovyo ukashinda mechi tatu mfululizo ukajiona bingwa. Kwahiyo anayejifunza kwa kuangalia nimeshinda ngapi nimefungwa ngapi hajifunzi kitu, anafundishwa na dadu, na dadu ni mwalimu muongo. Inabidi uhesabu makosa yako, na hilo mtandaoni linawezekana kuliko mezani, kwasababu programu inapitia kila hatua uliyocheza inakwambia hapa ulipoteza kiasi gani.

Programu ya kuanza nayo ni GNU Backgammon, ni ya bure kabisa, inaingia kwenye Windows na Linux hata laptop mbovu inaibeba. Ina kipengele cha mwalimu, ukiwasha ukitaka kucheza hatua mbaya inakuzuia inakuuliza una uhakika? Ndani ya wiki utaichukia lakini utakuwa umeacha ujinga mwingi. Ya kulipia inayotumiwa na mabingwa ni eXtreme Gammon, wenyewe wanasema XG. Kucheza na watu kuna Backgammon Galaxy, mechi ikiisha inakuonyesha PR yako na ya mwenzako, hiyo PR ni wastani wa unachopoteza kwa kila uamuzi, ikiwa ndogo ndo safi. Mabingwa wa dunia wanacheza chini ya 5, wengine chini ya 3, anayeanza akiwa 20 na kitu ni kawaida asione aibu. Kuna na DailyGammon, ile mnacheza taratibu hata hatua moja kwa siku, nzuri kwa mtu mwenye kazi.

Karibuni kwa maswali.

---

Dogo wa Tandika

Mkuu swali moja tu, inalipa? Kuna mkeka wake?

---

Mzee wa Dadu

Dogo ulivyowahi sasa. Zipo saiti za kuwekeana hela lakini mtu anayejifunza akiweka hela kule anapeleka sadaka, unaweza kukutana na mtu anayefungua programu pembeni inamwambia cha kucheza. Weka hela yako ya mikeka mbali na uzi huu.

---

Dogo wa Tandika

Sawa mkuu nimekaa kimya 😂

---

Bintiye Mvita

Assalam alaykum. Samahani mwenye uzi, si nia yangu kuharibu baraza la watu, lakini hii si ndo nard inayotajwa kwenye hadithi? Sahih Muslim imo, kwamba anayecheza nardashir ni kama aliyetia mkono wake kwenye nyama na damu ya nguruwe. Sisi Mombasa tumekua tukiambiwa michezo ya dadu iache kabisa, hata bila pesa. Nasema tu ili Muislamu anayesoma hapa ajue kabla hajaingia.

---

Mzee wa Dadu

Waalaykum salaam dada yangu, hujaharibu kitu, ndo hiyo hiyo. Wanazuoni wengi wameikataza, wengine wachache wakasema ni makuruhu kama hamna pesa, na mimi si mtu wa kutoa fatwa kwenye jukwaa la michezo. Kila mmoja amuulize shekhe wake. Ila ajabu ni kwamba nchi zinazoicheza zaidi ndo hizi za Waislamu, Uturuki, Iran, Syria, Lebanoni, Misri, unaweza kuta mzee katoka msikitini kavuka barabara moja kwa moja kwenye ubao.

---

Mlinzi Sharjah

Ya mzee wa hapo juu nathibitisha, mie nipo huku Sharjah, chini ya jengo ninalolinda kuna mkahawa wa Wasyria ikifika saa tatu usiku tawla mpaka alfajiri, nimewaangalia sana nikaanza kucheza nao, sasa nikaingia kwenye simu nikakuta mambo tofauti, huku kete zote 15 zinaanzia sehemu moja na ukimkuta mwenzako kete yake peke yake humli, unamkalia juu anabaki amefungwa hapo mpaka wewe uondoke. Kwenye simu naona zimetawanywa toka mwanzo na kete inatolewa kabisa inawekwa katikati. Nani anacheza kweli na nani anacheza uongo?

---

Mzee wa Dadu

Wote kweli kaka. Hiyo ya kukalia inaitwa mahbusa, Wagiriki nao wanayo wanaiita plakoto. Ya kwenye simu ni ile Waarabu wanaiita frangia, ya Kizungu. Mpangilio wake, pembe unazihesabu kuanzia nyumbani kwako, ya 1 ndo ya mwisho kabla ya kutoka, kila mtu anaanza na kete 2 kule mbali kabisa pembe ya 24, 5 kwenye pembe ya 13, 3 kwenye ya 8 na 5 kwenye ya 6. Ukijumlisha hatua zote za kufika na kutoka ni 167, shika hiyo namba itakusaidia baadae. Angalizo kwako uliyetoka kwenye mahbusa, kule kete ikifika mbele imefika, huku kete inayoliwa nyumbani kwako inarudi nyuma karibu ubao mzima, kwahiyo ule mtindo wa kuacha kete ovyo nyumbani utalia.

---

Engineer Kabambe

Mimi nasema ukweli wangu, hizi dadu za kwenye simu ZIMECHAKACHULIWA na hakuna wa kunibadilisha. Kuna app siitaji jina, kila nikikaribia kushinda jamaa anapata dabo, nakaa nyumba imefungwa pembe tano imebaki moja tu na bado anaingia, nikiwa mimi nimeliwa naweza kukaa nje mpaka nizeeke. Hiyo ni hesabu gani?

---

Mzee wa Dadu

Nilikuwa nakusubiri engineer 😂 uzi wa bakgamoni bila mtu wa dadu haujakamilika.

Tuifanye hesabu basi. Dadu mbili zina matokeo 36, kumbuka 6-5 na 5-6 ni mawili, lakini 6-6 ni moja. Umefunga pembe tano imebaki moja, jamaa anahitaji namba moja tu itokee kwenye dadu yoyote, hiyo ni 11 kati ya 36, karibu mara moja katika tatu. Sasa unashangaa nini akiingia? Unakumbuka alipoingia kwasababu iliuma, zile mara mbili alizokosa ulikuwa unanywa soda. Dabo nayo ni 6 kati ya 36, mara moja kwa sita, kila mmoja wenu, mechi nzima.

Na kwa asiyeamini hesabu kuna dawa nyingine. GNU Backgammon ina sehemu unachagua dadu uingize mwenyewe kwa mkono. Nunua dadu mbili za plastiki, zirushe mezani kwako, za kwako na za kwake, uiandikie kilichotoka. Kompyuta haina pa kuchakachulia. Alafu urudi hapa utwambie kama imeacha kukupiga.

---

Engineer Kabambe

Mkuu nimefanya leo na dadu za ludo za mwanangu. Sina cha kusema.

---

Mama Wawili NRB

😂😂😂 Engineer pole. Mimi niko Nairobi nacheza karibu mwaka sasa, naomba niongezee hapo kwa hesabu kwa sababu ndio ilinitoa kwa giza. Watu wengi wanaacha kete moja mahali popote wakisema atakosa tu. Si kila umbali ni sawa. Kama adui ako hatua 1 kutoka kwa kete yako, dadu za kukula ni 11 kwa 36. Hatua 2 ni 12, 3 ni 14, 4 ni 15, 5 ni 15, na 6 ni 17, karibu nusu kwa nusu. Lakini ukisonga ikue 7 zinashuka mpaka 6 peke yake, kwa sababu sasa anahitaji dadu zote mbili zifanye kazi pamoja, 6-1, 5-2 ama 4-3. Kwa hivyo kati ya 6 na 7 ni hatua moja tu lakini hatari inashuka karibu mara tatu. Mimi nikishindwa cha kucheza hiyo ndio kitu ya kwanza naangalia, kama lazima niache kete naiacha mbali zaidi ya 6, na kama lazima iwe karibu basi iwe karibu kabisa.

---

Mzee wa Dadu

Mama Wawili umemaliza, watu waikopi hii wabandike ukutani. Naongeza tu kwamba namba hizo zinapungua kama njiani kuna pembe zako zimefungwa, mfano yuko hatua 6 na anategemea 5-1 lakini pembe zote mbili za kupitia umekaa wewe, hiyo 5-1 imekufa.

---

Dogo wa Tandika

Mkuu nimedownload ile ya bure. Sasa mwanzo mtu anachezaje, maana naona nasogeza sogeza tu

---

Mzee wa Dadu

Karibu dogo. Dadu za kufungulia zipo 15 tu kwasababu mwanzo hamna dabo, kila mmoja anarusha moja na zikilingana mnarudia. Usizikariri zote leo. Anza na zile zinazojifunga zenyewe:

3-1, kete moja toka 8 moja toka 6 zote zikutane kwenye 5. Hiyo ndo bora kuliko zote. 4-2 zikutane kwenye 4. 6-1 unafunga ya 7. 5-3 unafunga ya 3. Na 6-5 unamkimbiza mmoja wa kule nyuma toka 24 mpaka 13 salama salimini. Hizo tano leo hazina ubishi.

Zilizobaki ndo zina historia. Zamani mabingwa walikuwa wakipata 2-1, 4-1 au 5-1 wanashusha kete moja peke yake kwenye pembe ya 5 makusudi, wanasubiri kuifunika mzunguko unaofuata, akila basi. Ndo ilikuwa inafundishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 90 jamaa wa IBM anaitwa Gerald Tesauro akatengeneza programu inaitwa TD-Gammon, hakuifundisha mbinu za watu, aliiacha ijicheze yenyewe kwa yenyewe laki na malaki ya mechi ikajua. Ikawa inapenda kusogeza kete ya nyuma toka 24 kwenda 23 badala ya kujianika pale kwenye 5. Mabingwa wakabisha, wakaanza kujaribu mezani, wakahama taratibu. Leo ukimwona mtu anashusha kete ya 5 kwa 4-1 ujue kafundishwa na babu yake.

---

Mwl Historia

Kwenye hilo la kompyuta kuna kisa kingine watu wanakisahau. Mwaka 1979 kule Monte Carlo, programu ya Hans Berliner inaitwa BKG 9.8 ilimpiga Luigi Villa, bingwa wa dunia wa wakati ule, 7 kwa 1. Hiyo ni miaka mingi kabla kompyuta ya Deep Blue haijamfunga bingwa Kasparov kwenye chesi. Cha kunifurahisha Berliner mwenyewe alikaa akapitia hatua zote akakiri Villa ndo alicheza vizuri zaidi, programu ilibebwa na dadu. Mwenye mashine anasema hivyo wakati dunia nzima inampongeza.

---

Mzee wa Dadu

Mwalimu asante, ndo hoja yangu hiyo hiyo ya mwanzo. 7 kwa 1 na bado aliyefungwa ndo aliyecheza vizuri. Na mtu akishinda mechi mbili za simu anabadilisha jina anajiita Profesa.

---

Mlinzi Sharjah

Na ile dadu kubwa pembeni imeandikwa 2, 4, 8 mpaka 64 ya nini? Huku kwa Wasyria sijaiona. Jana nimecheza na mtu akaigusa ikaniuliza nakubali au nakataa nikabonyeza kukubali tu maana sikujua.

---

Mzee wa Dadu

Hiyo kaka ndo nusu ya mchezo mtandaoni. Ilianzia New York miaka ya 1920, ndo maana wazee wa Istanbul na Wasyria wako hawana habari nayo. Kazi yake ni kudabo dau. Mimi nikiona nimekuzidi nasema kabla ya kurusha dadu zangu, tucheze kwa pointi 2. Wewe una njia mbili, ukimbie upoteze 1 hapo hapo, au uchukue, na ukichukua dadu hiyo ni yako, kibao kikigeuka wewe tu ndo mwenye haki ya kunidabo kwenda 4.

Swali ni uchukue lini. Watu wengi wanaona nimezidiwa nakimbia. Hapana. Chukulia nafasi moja umeicheza mara 100. Ukikimbia zote umepoteza 100. Ukichukua zote ukashinda 25 tu, umepata 25 mara 2 ni 50, umefungwa 75 mara 2 ni 150, tofauti ni 100 ile ile. Kwahiyo ukiwa na nafasi ya ushindi ya robo tu, kuchukua na kukimbia ni sawa, ikizidi robo unachukua. Unaweza kuwa umezidiwa vibaya na bado kukimbia ikawa kosa. Hapa kuna la kuangalia moja tu, kama kuna hatari ya kufungwa gamoni, yani amalize hujatoa hata kete moja, hapo inahesabiwa mara mbili ya dau, robo haitoshi tena.

---

Mama Wawili NRB

Na pia wale wanaogopa kudabo. Unapata mtu ako mbele sana anangoja mpaka ashinde kabisa ndio adabo, mwenzake anakimbia, anapata pointi moja yake anaenda. Hiyo si kutumia dadu, hiyo ni kuomba ruhusa. Kama mwenzako kila mara anakimbia ukimdabo, unachelewa. Kama kila mara anachukua na unamshinda, uko sawa kabisa.

---

Engineer Kabambe

Sasa hiyo robo mtu anaijuaje akiwa kwenye mechi? Huwezi kukaa na kalkuleta.

---

Mzee wa Dadu

Kete zikiwa zimechanganyikana bado ni kuzoea macho engineer, hamna njia ya mkato, ndo unapitia mechi zako na programu mpaka jicho lizoee. Lakini zikishapishana zimebaki mbio tupu, hapo kuna hesabu. Ile 167 niliyosema unaihesabu upya, kila kete mara pembe iliyopo, jumla ndo hatua ulizobakiza. Wastani wa mrusho mmoja ni hatua 8 na kidogo. Kanuni ya kichwani: aliyeko mbele, kama wewe uko nyuma yake kwa 8% ya hatua zake anaweza kudabo, na wewe unachukua mpaka 12%. Ikizidi hapo kimbia.

---

Dogo wa Tandika

Mkuu naomba msaada haraka, jamaa kanidabo, mbio tupu, yeye kabakiza 88 mimi 96, nifanyeje

---

Mzee wa Dadu

Kwanza nijibu, mechi inaendelea au imeisha? Maana kuuliza watu katikati ya mechi ni sawa na kufungua programu pembeni, kule wanafungia akaunti.

---

Dogo wa Tandika

Ni DailyGammon mkuu, hajanifunga bado, nina siku kadhaa za kujibu

---

Mzee wa Dadu

Basi kanuni nimeiandika hapo juu kabla hujauliza, ipige mwenyewe alafu ujibu mwenyewe. Mechi ikiisha lete nafasi yote hapa tuichambue.

---

Mama Wawili NRB

Dogo hesabu asilimia 12 ya 88 na ukae kimya 😂

---

Dogo wa Tandika

Nimejibu. Tumemaliza leo asubuhi kwahiyo nasema sasa, nilichukua, nikafungwa, pointi 2 zimeenda.

---

Mzee wa Dadu

12% ya 88 ni 10 na nusu hivi, kwahiyo mpaka 98 unachukua, wewe ulikuwa 96. Alidabo sawa, ulichukua sawa. Ingiza kwenye programu itakuonyesha kosa sifuri hapo. Sasa nitumie hatua zako za mwanzo wa mechi, maana nina wasiwasi kule kwenye 5-1 ulifanya yako.